Kuweka SSD kwenye rekoda ya zamani ya treki nyingi

Umeuliza kama unaweza kutoa diski ya rekoda yako ya zamani ya treki nyingi, ile inayorekodi kila sauti kwenye njia yake, na kuweka SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Inawezekana ndugu, ila usikimbilie kununua SSD ya SATA (kiunganishi cha diski cha kisasa zaidi) kabla hujaifungua hiyo rekoda. Nyingi za zamani zinatumia IDE, kiunganishi cha diski cha zamani: pini 40 kwa diski ya inchi 3.5, pini 44 kwa ya inchi 2.5. Hapo lazima adapta, na si kila adapta inaelewana na kila mashine. Mimi ningeanza na kadi ya CompactFlash (kadi ya kumbukumbu kama zile za kamera), maana yenyewe inaielewa IDE moja kwa moja. Usichukue kubwa mno. Mashine nyingi za enzi hizo hazioni zaidi ya GB 137. Hamisha nyimbo zako kwanza, halafu diski mpya ifomati ndani ya rekoda yenyewe, si kwenye kompyuta. Ubora wa sauti haubadiliki, ila ule mvumo wa diski karibu na maiki utausahau.