"Una kazi?" si swali la kupima ukosefu wa ajira

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada katika kata moja mkoani Morogoro. Nimehoji wanawake 200 wa miaka 20 hadi 59, na 124 wamejibu hawana kazi. Nimeandika kuwa ukosefu wa ajira ni asilimia 62, msimamizi wangu amekataa. Nimekosea hesabu wapi?

JIBU: Marahaba. Kugawanya umegawanya sawa. Ulichogawanya ndicho kibovu, na uliharibu siku ulipoandika "Una kazi?" kwenye dodoso.

Mtu wa kwetu akisikia "kazi" anawaza ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza atakujibu "sina kazi, nipo tu nyumbani", na unga bado uko mikononi. Mumewe akimjibia ndiyo kabisa! Wadadisi wavivu hupenda sana kumwachia mkuu wa kaya awajibie wote.

Muulize hivi: katika siku 7 zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukupatia kipato, hata kwa saa moja? Uliuza kitu? Ulisuka watu? Ulifua nguo za watu? Ulisaidia kwenye genge la ndugu? Zitaje moja moja. Akikubali mojawapo, kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO) ana ajira. Ni duni, najua, lakini uduni una vipimo vyake.

Aliyekataa zote naye usimwandike haraka. Je, yuko likizo ya uzazi na atarudi kazini? Kama ndiyo, ana ajira. Kama sivyo, alitafuta kazi ndani ya wiki 4 zilizopita, na akiipata yuko tayari kuanza? Akikosa hata moja kati ya hayo mawili yuko nje ya nguvukazi, yaani jumla ya wenye ajira na wasio na ajira, wala haingii kwenye idadi unayogawia.

Tuseme kati ya 124 wako, 70 wana vishughuli na 18 wanatafuta na wako tayari. Wenye ajira ni 146, nguvukazi ni 164, ukosefu wa ajira ni asilimia 11. Ufafanuzi wa kitaifa wa Tanzania huongeza walio tayari ila hawakutafuta. Wakiwa 16, unapata 34 kwa 180, karibu asilimia 19. Andika asilimia zote mbili, useme ipi ni ipi.

Mkulima wa chakula cha nyumbani pekee ni habari nyingine. Tangu azimio la mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, Geneva 2013, kilimo hicho ni kazi lakini si ajira, kwa hiyo naye mpitishe kwenye maswali yaleyale.

Hata Marekani walijikwaa hapa. Hadi 1993 wadadisi wao waliweza kubadili swali la kwanza kwa kumtazama tu mtu. Aliyeonekana mama wa nyumbani aliulizwa kama alikuwa akitunza nyumba. Walilirekebisha 1994.

Kinachonichosha ni "washauri" wanaokusanya takwimu siku tatu, swali moja kwenye WhatsApp, kisha asilimia zao zinasomwa kwenye semina na kuombewa fedha za miradi. Ukikutana na asilimia 60 ya wanawake hawana ajira, dai dodoso kwanza. Utafiti wa Nguvukazi wa Tanzania wa 2014, kwa ufafanuzi huo mpana wa kitaifa, ulipata asilimia 10.3 kwa nchi nzima, wanaume na wanawake.

Wewe rudi kwa wale 124. Usiende asubuhi, hutawakuta: wako sokoni.