Gredi ya 7 Hadi ya 9: Alama Huanza Kuhesabiwa Mapema

Nchini Kenya, wazazi wengi wa Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) huzinduka mtoto anapofika Gredi ya 9. Ndipo vitabu vya marudio vinanunuliwa, tuisheni inatafutwa na simu inafichwa. Kufikia hapo, asilimia 40 ya alama zitakazoamua nafasi yake ya Sekondari Pevu, inayoanza Gredi ya 10, imeshapita. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina 20 nyingine, na mtihani wa kitaifa wa KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9 una 60. Kwa hiyo kazi ianze Gredi ya 7, tena muhula wa kwanza.

Kinachoporomoka kwanza muhula huo si akili ya mtoto bali mpangilio wake. Masomo ni tisa, kipindi ni dakika 40, na kila mwalimu huingia, akaagiza kazi yake, akatoka bila kujua mwenzake ameagiza nini. Mnunulie daftari dogo moja la kazi tu, alichore safu nne: somo, kazi, siku iliyotolewa, siku ya kukusanya. Muhula wa kwanza likague kila jioni. Dakika tano zinatosha. Muhula wa pili likague Ijumaa pekee. Akiingia Gredi ya 8, mwachie mwenyewe. Mzazi anayeendelea kukagua kila siku hadi Gredi ya 9 hulea mtoto asiyejua kesho ana kazi gani mpaka aulizwe.

Hisabati ndiyo huwaangusha wengi, na lawama hutupiwa aljebra. Mara nyingi aljebra haina kosa. Mpe mtoto wa Gredi ya 7 hesabu hii: 2/3 + 1/4. Akiandika 3/7, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hakuna mlinganyo atakaoumudu mpaka visehemu virekebishwe. Jibu ni 11/12. Dakika 20 kila siku, hesabu tano tano kwa wiki tatu, zitamsaidia kuliko saa tatu za tuisheni Jumamosi.

Donda la pili ni namba hasi. Ukimwuliza −3 − 4, wengi hujibu 7, kwa sababu wamekariri kwamba "hasi na hasi ni chanya". Hiyo ni kanuni ya kuzidisha. Hapa hakuna kinachozidishwa. Mwambie ana deni la shilingi 3 dukani, kisha akakopa 4 tena. Hakuna mtoto atakayesema sasa ana shilingi 7 mfukoni.

La tatu ni mabano: 2(x + 3) hugeuka 2x + 3. Usimsomee kanuni tena. Mwambie aweke 1 mahali pa x, akokotoe pande zote mbili. Upande mmoja utatoa 8, wa pili 5, naye ataona mwenyewe kuwa kuna kilichoachwa. Tabia hii ya kujikagua kwa kuweka namba ndiyo ningetaka mtoto aondoke nayo Gredi ya 7, hata akisahau mengine.

Sayansi Jumuishi hufifia shule isipokuwa na maabara, na shule nyingi za Sekondari Msingi zimo ndani ya shule za msingi zisizo nayo. Baadhi ya majaribio yanawezekana jikoni. Kwa mada ya asidi na besi, katakata majani mawili ya kabeji ya zambarau, chemsha kwa vikombe viwili vya maji dakika 10, chuja, acha yapoe. Tia kidogo kwenye gilasi mbili. Moja iongeze ndimu: itageuka nyekundu au waridi. Ya pili iongeze magadi kidogo: itaelekea bluu au kijani. Rangi ikiwa hafifu, maji yalizidi. Yatumie siku hiyo hiyo, maana yakilala huchacha.

Kuhusu miradi ya shule, tuseme ukweli: mingi hufanywa na mama saa nne usiku, au na kijana wa saiba (duka la intaneti). Mwalimu huitambua kazi ya mtu mzima kwa kuitazama tu. Mradi ukitolewa, mtoto aandike siku hiyo hiyo vifaa vinavyohitajika na vilivyopo nyumbani, ili asije kukuomba pesa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Kazi yako ni kumtafutia kisichopatikana na kumwuliza maswali. Mradi ukitoka umepinda, upelekwe umepinda.

Mwili nao hausubiri ratiba. Mada ya uzazi wa binadamu hufundishwa katika miaka hii, ilhali wasichana wengi wameshaanza hedhi. Begi lake liwe na kifuko chenye pedi mbili na chupi safi, hata kabla hajaanza. Wavulana sauti zao hukatika katikati ya sentensi, darasa likacheka; ukisikia ameacha kusoma kwa sauti au kujibu maswali, usimwite mvivu kabla ya kuchunguza. Wote wanahitaji saa nane za usingizi au zaidi. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri lazima awe kitandani saa tatu usiku, na simu ibaki sebuleni.

Gredi ya 9 atateua mkondo wa masomo ya Sekondari Pevu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Msiuteue kwa kumkimbia mwalimu fulani. Pitieni ripoti za mihula yote mitatu ya Gredi ya 8, mpige mstari chini ya masomo matatu aliyoyafanya vizuri mfululizo, kisha mlinganishe na michepuo, yaani matawi ya kila mkondo, inayofundishwa kweli kwenye shule mnazozitaka. Na yule anayeukwepa mkondo wa STEM ili aachane na hesabu, aambiwe mapema: Hisabati ni ya lazima Gredi ya 10 katika mikondo yote, ingawa nje ya STEM ni nyepesi zaidi.