Jibu: Mahojiano 20 mezani, uanzie wapi?

Ndugu uliyeuliza ununue programu gani ya kuchambulia mahojiano yako 20 na wakulima wa chai wa Mufindi, nakushauri uahirishe ununuzi huo, kwani programu hupanga yale uliyokwisha kuyaelewa, haiwezi kuelewa kwa niaba yako.

Mimi nilihoji wakulima 22 wa viazi mviringo huko Uporoto, Mbeya. Kila mahojiano niliyapa namba na kuyanukuu kutoka kwenye sauti, na majina halisi nikayaweka katika daftari la pembeni. Kosa langu lilikuwa kutafsiri papo hapo pale wazee walipohamia Kinyakyusa. Baadaye nilitambua kwamba walihamia huko hasa walipogusia madeni, ikanibidi nisikilize upya. Hifadhi maneno kama yalivyotamkwa, tafsiri ikae kando yake.

Nilipoanza kuandika misimbo, yaani maneno mafupi ya kutambulisha wazo lililomo, pembeni mwa aya, msimbo wa "lumbesa", yaani gunia linalojazwa hadi kuota kichuguu juu ya mdomo wake, ulijitokeza karibu kila ukurasa, nami kwa furaha ya mtu aliyechoka nikahitimisha kwamba wakulima wote wanalalamikia vipimo. Lakini mama mmoja alisema anafunga lumbesa kwa hiari, kwa kuwa mnunuzi ndiye aliyemkopesha mbolea. Nilitaka kumwacha kando, kisha nikarudia kusoma na kukuta wengine sita waliosema jambo hilohilo kwa kuzunguka: "yule ni mtu wetu", "alitushika mkono wakati wa kupanda". Nikaugawa msimbo sehemu mbili, lumbesa kama dhuluma na lumbesa kama malipo ya deni, nikabandika karatasi za manila ukutani, kila mkulima mstari wake na kila msimbo safu yake. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wenye mikopo hawakulalamikia uzito hata kidogo. Walichokisikitikia ni kutoweza kuchagua mnunuzi.

Wanasaikolojia Virginia Braun na Victoria Clarke, walioeleza mwaka 2006 hatua sita za uchambuzi wa dhamira, yaani kutafuta mawazo makuu yaliyomo katika maelezo ya watu, walitahadharisha kwamba uzito wa dhamira hautegemei lazima idadi ya mara inazotajwa, na kwamba mchambuzi huenda mbele na kurudi nyuma. Nilikuwa nimewasoma kabla ya kwenda Uporoto, na bado nikahesabu.

Anza na mahojiano mawili yanayopingana kuliko yote. Yasome sambamba, kalamu mkononi, kabla hujagusa yale 18.