Muulize Kocha: Shoto, bolingi na pini ya 7

SWALI: Shikamoo Kocha. Nina miaka 22, naishi Kangemi, na kazi yangu ni kupanga bidhaa usiku kwenye stoo ya duka kubwa. Desemba mkubwa wetu alitupeleka kucheza bolingi Village Market kule Gigiri, na tangu hapo nimerudi mara mbili kwa pesa zangu mwenyewe. Juzi nilipata pointi 171. Mimi ni shoto. Wenzangu wananicheka, eti nimeanza nikiwa mzee. Naweza kweli kuwa mchezaji wa kulipwa? M.K.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hao wanaokucheka waulize kama wanamjua Earl Anthony wa Tacoma, Marekani. Alishika tufe akiwa na miaka 21, katika ligi ya wafanyakazi wa kampuni ya vyakula, naye akifanya kazi ya usiku kama wewe. Na alikuwa shoto! Mwaka 1963 alijaribu mashindano ya kulipwa, akacheza saba, akarudi nyumbani bila hata senti. Taji la kwanza alilipata 1970. Mwaka 1975 akawa mchezaji wa kwanza kuvuna zaidi ya dola 100,000 kwa msimu mmoja, na 1982 jumla yake ikapita milioni moja.

Mimi nachungulia hiyo miaka saba kati ya 1963 na 1970. Ndiyo unayoiulizia, ingawa hukuitaja.

Kuhusu mkono wako: njia ya bolingi hupakwa mafuta sehemu ya mbele, na tufe huanza kukata kona likishayaacha. Wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo upande wao mafuta huchakaa upesi. Upande wako hubaki karibu vile ulivyopakwa. Nimefanya kazi nyuma ya mashine za kupanga pini miaka mingi hapa Nairobi, nikiwa na spana mkononi na masikio yameziba kwa kelele, na hata huko nilimjua shoto kabla sijamwona. Tufe lake huingia kati ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na ya 2, iliyo nyuma yake kushoto. Likiingia sawasawa, lenyewe hugusa pini nne tu, ya 1, 2, 5 na 8. Sita zilizobaki huangushwa na wenzao.

Sasa onyo. Usikimbilie kununua tufe. Mimi niliokota moja Gikomba, zuri, jekundu, bei ya bure, lakini mashimo yalitobolewa kwa vidole vya mtu mwingine. Kidole gumba kiligoma kutoka, kikavimba, na wiki tatu sikuweza kukaza hata nati. Tumia la ukumbini, chagua ambalo gumba linatoka bila kuvutwa, na uzito usiokupinda bega. Paundi 16 ndio mwisho unaoruhusiwa. Hakuna anayekupa zawadi kwa kuubeba.

Kazi ya stoo usiache. Pesa ya mchezo hapa kwetu utaitoa mfukoni, na safari ya kuwakuta wa kulipwa ni ya ng'ambo. Nenda asubuhi siku za kazi, ukumbi ukiwa mtupu, ukitoka zamu na ukishalala kidogo.

Ukifika, achana na straiki, yaani kuangusha pini zote kumi kwa tufe la kwanza. Straiki zinapigiwa makofi, lakini pointi zako zinavujia kwenye spea, yaani kumalizia pini zilizobaki kwa tufe la pili. Simama upande wa kulia wa njia, urushe kimshazari kwenye pini ya 7, ile ya nyuma kabisa kona ya kushoto, hata kama zote kumi zimesimama. Rusha hivyo mara kumi, uhesabu mara ulizoipata. Wenzako watadhani umechanganyikiwa.

Mwisho wa mwezi niandikie tena. Pointi usinitajie. Nataka kujua kati ya kumi, pini ya 7 umeigusa mara ngapi.