Mamlaka ya maji Tanga: zinazoihoji ni kamati za Bunge PAC na PIC, LAAC haihusiki

Kaka, umeuliza kama mbunge wetu aipeleke LAAC hoja ya fedha za mamlaka ya maji. Hapana, LAAC ni kamati ya Bunge ya hesabu za halmashauri. Mamlaka iko chini ya Wizara ya Maji: hesabu zake ni za PAC (kamati ya hesabu za serikali), tija ya mtaji wa umma ni ya PIC (kamati ya uwekezaji wa mitaji ya umma).

Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, hesabu humfikia CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ifikapo Septemba 30, ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha Bunge la Aprili. Ni mwendo mrefu mno, fedha zimeshatumika.

Jamani, msiridhike na hati inayoridhisha ya CAG! Inasema hesabu zimeandaliwa sawasawa, haisemi bomba limefika Pongwe. Kwenye ripoti ya CAG, fungua jedwali la mapendekezo yake ya nyuma; "halijatekelezwa" likijirudia, hoji hapo. Halafu tazama upotevu wa maji: kinachokubalika ni asilimia 20 ya maji yanayozalishwa, kinachozidi kimesukumwa kwa umeme wa kulipia na hakijaingiza hata senti.

Mpe mbunge namba ya aya ya ripoti na kiasi cha fedha. Lalamiko la jumla hujibiwa kwa "tunalifanyia kazi".