Ukihamia Uswidi, Mtafute Jirani

Wanaojiandaa kuhamia Uswidi huniuliza sana darasa lipi la lugha ni zuri. Jiandikishe SFI, masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, ambayo manispaa huyatoa bure kwa aliyekwisha kusajiliwa kuwa mkazi, na uhudhurie kwa bidii. Hapo utajua kusoma na kupanga sentensi. Lakini sikio litafunguka kwenye jengo unaloishi, ukizungumza na majirani.

Tatizo ni kwamba Waswidi hawana desturi ya kusimamishana njiani. Sisi tuliozoea kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za kazi tunamwona jirani aliyesema "hej" akapita, tunadhani ana kinyongo. Hana. Anangoja sababu ya kuzungumza, basi mpe. Usimwombe akufundishe lugha, muulize jambo.

Mahali pazuri pa kuanzia ni chumba cha kufulia. Majengo mengi ya ghorofa yana kimoja cha pamoja, mara nyingi chini kabisa, na kila kaya hujiwekea zamu yake. Zamu zenyewe zinaheshimiwa sana, lakini zinapopishana ndipo hata watu wakimya hupata la kusema. Hapa Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi, mimi niliuliza kuhusu mashine ya kukaushia. Bibi mmoja mstaafu wa ghorofa ya juu alichomoa kichujio, akakwangua manyoya ya nguo kwa vidole na kusema "ludd". Akakirudisha: "Så där", yaani tayari. Kisha akanyamaza, akinitazama nirudie. Toka siku hiyo, tukikutana huniongezea neno, na kila neno huja na kitu chake mkononi. Maneno ya aina hiyo hayasahauliki. Visome pia vikaratasi vinavyobandikwa ukutani na wapangaji: "Glöm inte filtret!", usisahau kichujio. Ni Kiswidi kifupi, na kesho yake utakihitaji.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi wetu tunapopotezea miaka. Waswidi wengi wanakijua Kiingereza vizuri, na wakiona unatafuta neno watahamia huko kwa nia njema kabisa. Mwambie kwa tabasamu, "Kan vi ta det på svenska?", yaani tunaweza kuzungumza Kiswidi?, halafu vumilia ukimya. Nimewaona ndugu zetu kutoka Kongo waliofika bila Kiingereza wakitupita kwa mbali, kwa kuwa wao hawakuwa na pa kukimbilia. Wastaafu ndio walimu bora zaidi: wana muda, na wengi watafurahi ukiwauliza habari ya mbwa wao au maua ya kibarazani.

Jambo litakalokupa shida ni adabu. Huku hakuna shikamoo. Tangu mageuzi ya miaka ya 1960, karibu kila mtu huitwa "du", yaani wewe, na jina lake la kwanza, hata mzee wa miaka 80. Ulimi utagoma, ulazimishe. Heshima yao iko kwingine: kufika kwa wakati, kushukuru kila mara, na ukishakaribishwa kwa mtu, siku mkionana tena umwambie "tack för senast", asante kwa mara ile. Mwambie hivyo uone uso wake unavyochangamka.

Na huku kaskazini utamsikia jirani akivuta pumzi ghafla, kama mtu aliyeshtuka. Hajashtuka, amesema ndiyo. Endelea na habari yako.

Nyumbani, jazia kwa gazeti la 8 Sidor, linaloandikwa kwa Kiswidi chepesi. Habari uliyoisoma asubuhi inakupa swali la kumuuliza jirani jioni.

Usikose pia "städdag", siku ya usafi wa pamoja ambayo majengo mengi huitangaza majira ya kuchipua. Watu hutoka na reki, wakafagia changarawe iliyomwagwa njiani wakati wa barafu, kisha huletwa kahawa, pengine na soseji za kuchoma. Mikono ikiwa kazini hakuna anayekuhesabia makosa ya sarufi. Ukiona tangazo limebandikwa mlangoni, nenda hata kama maneno yako bado machache. Chukua reki, msogelee aliye karibu, muulize: "Var ska jag börja?", nianzie wapi? Atakuonyesha pa kuanzia, na kahawa ikifika mtakuwa tayari na la kuzungumza.