Maswali ya Wasomaji: Mtu wa twarika yuko nje ya Sunna?

Assalaam alaykum. Mwanangu amerudi masomoni akisema twarika ni bidaa tupu na Usufi ni dini nyingine. Babu yake ni mtu wa twarika ya Qadiri tangu ujana, na sasa hawasemezani vizuri. Nani mwenye haki? — Mama, Tanga

Waalaykum salaam, mama. Twarika ni njia ya Usufi, yenye sheikh na dhikri zake. Mtu wa twarika wa pwani yetu husali, hufunga, huoa na kugawa mirathi kwa fiqhi ya Imamu Shafi, sawa na jirani yake asiye na twarika. Wenyewe huanzia kwenye hadithi ya Jibrili, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Umar: Uislamu, imani, kisha ihsani, yaani kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona. Tasawufi, yaani Usufi, ni elimu ya hilo la tatu.

Mwambie kijana pia kwamba Sheikh Abdulqadir Jilani, ambaye twarika ya Qadiri imepewa jina lake, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, alikuwa mwanachuoni wa Hanbali. Ibn Taymiyya, ambaye wapinzani wa twarika humtegemea sana, alikuwa wa madhehebu hiyohiyo na aliandika sharhi (maelezo) ya sehemu ya kitabu cha Jilani, Futuh al-Ghayb. Alichokipiga vita ni mambo mahsusi.

Na mambo hayo yapo. Chukua tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa kumtaja Mtume au walii. Hadithi ya kipofu aliyefundishwa na Mtume kuomba dua kwa kumtaja yeye imo kwa Tirmidhi, na pande zote mbili huitumia. Wanachogombania ni kama dua ya namna hiyo yafaa baada ya Mtume kufariki. Hapo kuna hoja za wanachuoni, na babu hastahili kuitwa mshirikina kwa ajili yake. Lakini mtu akisimama kaburini akamwambia maiti “nipe mtoto”, hiyo ni habari nyingine, na masheikh wa twarika wenye elimu huikataza pia. Wajinga wa ziara za makaburi ndio waliowapa wapinzani silaha.

Nataka kuchukua twarika. Nianzie wapi? — Kijana, Bagamoyo

Anza na fardhi. Usiyejua sharti za udhu na nguzo za sala, nenda chuoni kwanza. Khalifa mzuri, yaani aliyeruhusiwa kuingiza watu katika twarika, atakurudisha huko mwenyewe.

Kisha muulize khalifa silsila yake, yaani mnyororo wa masheikh wake: ijaza (ruhusa) kaipata kwa nani, na huyo kwa nani. Waqadiri wengi wa huku hufika kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Washadhili, watu wa twarika ya Shadhili, hupitia kwa Sayyid Muhammad Maarufu wa Ngazija, aliyefariki 1905. Anayebabaika hapo, mwache.

Ukishampa mkono, utapewa uradi, yaani dhikri za kusoma kila siku. Kwa Shadhili kawaida ni istighfari 100, salawati 100 na La ilaha illallah 100, asubuhi na jioni. Ukiwa na tasbihi, hazikuchukui muda. Wageni huharibu kwa pupa: mtu hujiongezea maelfu bila ruhusa, analala saa tisa usiku, alfajiri inampita. Sunna imekula faradhi. Punguza, kisha dumu.

Kimbia ukisikia mambo mawili: kwamba sheikh amefikia daraja ambayo sala imemwondokea, au kwamba uradi unalipiwa. Kuchangia chai ya zikri si kulipia uradi, tusichanganye.

Tunasoma Ratibu ya Haddad msikitini. Imamu mpya anasema hiyo ni twarika na asiye na ijaza asisome. Kweli? — Msomaji, Lamu

Aliyeipanga, Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim (aliyefariki 1720), ni wa twarika ya Alawiyya, lakini kuisoma hakukuingizi popote. Ni Fatiha, Ayatul Kursiyyu, mwisho wa Baqara, kisha dhikri fupi, nyingi mara tatutatu, na La ilaha illallah mara 50. Ijaza ni ya baraka; si sharti. Husomwa baada ya Isha. Ramadhani itangulizeni kabla ya Isha, ili tarawehe isicheleweshwe.